Feni za Mashoto

Wasichana wa kanisani wameniomba niwaandikie jinsi mtu aliye mashoto anavyoanza kufuma kwa kroshia. Nimekubali kwa sababu kuandika bado ninaweza. Mkono wangu wa kulia, huu niliochapiwa shuleni mpaka ukajua kushika kalamu, ni mzima kabisa. Mkono ulionilisha mimi na wanangu ni wa kushoto, na huo tangu mwaka jana umelala mapajani kama paka wa jirani. Nikitaka uhame, naubeba.

Kwa hivyo msitarajie kutiwa moyo hapa. Nitawaambia ninachokijua kuhusu kazi hii, na nitawaambia yaliyonipata mwaka huu, kisha mtajiamulia wenyewe kama mtashika kroshia au mtarudi kwenye simu zenu. Sina hasira na mtu. Nimechoka tu, na mchovu husema mambo jinsi yalivyo.

Jambo lenyewe ni kitambaa cha kitanda cha Naliaka, kitindamimba wangu. Ana dada wawili walioolewa, na kila mmoja aliondoka nyumbani na kitambaa nilichomfumia mwenyewe, cheupe, maua matupu, kikubwa cha kufunika kitanda hadi kikaribie sakafu. Siku ya kuchukuliwa msichana, shangazi za bwana arusi huingizwa chumbani waone kitanda alichotandikiwa na mama yake. Hapo ndipo mama husemwa vizuri au vibaya. Cha Naliaka nilikuwa nimekifikisha kwenye kona ya mwisho. Asubuhi moja nikisuuza sufuria mferejini, presha ikapanda, upande wa kushoto ukafa ganzi, na kona ikabaki wazi.

Nitarudi hapo. Kwanza kazi, maana ndiyo mliyoiomba.

Kroshia ni kasindano kenye kichwa kilichopinda kama ndoana. Haijui kulia wala kushoto, na atakayewauzia ya mashoto kwa bei ya juu ni mwizi. Ishike kama unavyoshika kalamu au kama unavyoshika kisu cha kumenyea, ilimradi mkono usichoke. Uzi unaushika kwa mkono wa kulia. Upitishe juu ya kidole cha shahada, uuzungushe kwenye kidole cha mwisho ili usikimbie. Watu hudhani mkono wenye kroshia ndio unaofanya kazi yote. Mkono wa uzi ndio unaopima. Ukibana uzi, kitambaa kinakuwa kama mkeka, na ukiulegeza kinakuwa kama neti ya kabeji.

Cheni ni kitanzi kinachopita ndani ya kitanzi. Kamata uzi, uvute upite, basi. Singo ni kuingiza kroshia kwenye tundu la cheni, ukamate uzi, uutoe, na sasa una vitanzi viwili, halafu ukamate tena na kuupitisha kwa vyote viwili. Dabo ni hivyohivyo, ila unazungusha uzi kwenye kroshia kabla ya kuingia, na kutoka unatoka viwiliviwili. Mtu wa kulia huanzia kulia akielekea kushoto. Wewe anzia kushoto. Karatasi ikisema kulia, soma kushoto, na usimwambie mtu.

Ukiyajua hayo matatu umejua kila kitu. Yaliyobaki yote ni kuyapanga. Mimi nilichukua muda mrefu sana kuyajua, na sababu yake ni heshima.

Tulikuwa tukikaa landi za reli hapa Nakuru, zile nyumba za kampuni zilizopangwa safu, baba akiwa mfanyakazi wa stesheni. Jirani yetu Mama Jerusha alikuwa na benchi nje ya mlango wake, na hapo ndipo alipofumia vitambaa vya viti. Kila nyumba ya landi ilitaka vitambaa vya viti. Waliokuwa bado hawana viti waliviweka kwenye sanduku wakivingoja. Nilimwomba anifundishe, akasema nije nikae. Nikakaa kando yake, nyuma kidogo, kwa sababu mama yangu alikuwa amenifunza kwamba mtoto wa kike hamkalii mtu mzima usoni akamkodolea macho. Ubavuni ndipo pa adabu.

Sasa fikirini. Mtu wa kulia anafuma, na mimi mashoto niko ubavuni mwake naona kiwiko chake tu na mgongo wa mkono. Nilipojaribu kufanya nilichokiona, kila kitu kilitoka kimepindika. Cheni zangu zilikuwa kamba za kufungia mbuzi. Mama Jerusha akiniwekea kroshia kwenye mkono wa kulia, nilikuwa naidondosha. Akiisha kugeuka, naihamishia kushoto. Mama yangu naye alimtumia ujumbe kupitia kwa ndugu zangu kwamba asiniachilie nitumie mkono huo, kwani nani atanunua kitambaa kilichofumwa kwa mkono usiotumika hata kumpa mtu maji. Nililia sana kipindi kile. Nilijiona mjinga, na hakuna aliyesema sivyo.

Siku moja Mama Jerusha alipata mgeni, mwanamke mnene kutoka upande wa Gilgil, na mgeni akakaa pale kwenye benchi nilipokuwa nakaa. Nikasukumwa kwenye kigoda mbele yao. Kuinua macho hivi, nikaona mkono wa kulia wa Mama Jerusha uko upande uleule ulipo mkono wangu wa kushoto. Ulipopanda, wangu ukapanda. Ulipovuta, wangu ukavuta, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Cheni ikatoka imenyooka. Niliendelea kimya nikiomba asiniambie niache kumkodolea. Aliniona.

“Leo umenikazia macho kama polisi,” akasema. Kisha akaangalia kilichokuwa mikononi mwangu. “Basi kaa hapo hapo.”

Hilo ndilo funzo la kwanza na ningeweza kuwaandikia hilo peke yake. Mashoto asikae ubavuni mwa mwalimu. Akae mbele yake, goti kwa goti, na kama mtu mzima ataona ni utovu wa adabu, aone. Nyinyi wa simu mna njia nyingine, nimeiona: mnageuza video ikawa kinyume na mwalimu wa kulia anakuwa mashoto. Ni ujanja mzuri. Sisi tulihitaji mwanamke mnene kutoka Gilgil.

Baada ya hapo niliipenda kazi kupita kiasi. Nilifuma nikienda kisimani, nilifuma nikichunga sufuria, nilifuma kwenye matanga mpaka nikaambiwa niache. Mkono wa kushoto ukajua mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Ningeweza kugombana na mtu huku unafuma, na nikimaliza kugombana nakuta safu imekamilika haina kosa. Nilipokuwa nikimkabidhi mteja kitambaa, nilikihamishia mkono wa kulia kwanza. Hakuna aliyejua kilitoka wapi.

Walijua siku ya kitambaa cha meza ya Bwana. Nilikuwa nimeshaolewa, niko kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na tukaamua kufuma kitambaa cha meza kwa pamoja. Ua tulilolichagua ni lile tunaloliita feni. Lina mapanga yanayotoka katikati na kupinda yote upande mmoja, kama feni iliyowashwa. Kila mmoja alichukua uzi wake akaenda kufuma feni zake nyumbani, kisha zije ziunganishwe. Ndivyo akina mama wanavyofanya hata leo: kazi kubwa inagawanywa, ikirudi inashonwa pamoja na huwezi kujua la nani ni lipi.

Langu lilijulikana. Kitambaa kilipotandazwa mezani, feni zote zilikuwa zikipinda upande mmoja, na zangu, zilizotawanywa huku na huku katikati yao, zilipinda upande wa pili. Haikuwa imenijia akilini hata kidogo. Anayefuma kwa kushoto anazunguka kinyume, kwa hivyo mapanga yake yanalala kinyume. Ua moja ukiliona peke yake huwezi kujua. Ukiliweka kati ya mengine, jicho linapotea. Mwenyekiti wetu alikitazama, akakaa chini, akasema kinamtia kizunguzungu. Wengine wakacheka. Nami nilicheka nao, kwa sababu ukicheka unaonekana huumii. Wakafumua mishono, wakaondoa feni zangu zote, wakazifuma upya wao.

Nilizipeleka kwa Mama Jerusha kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa mzee tayari, macho yake mabovu, akazipapasa moja moja. Alisema hazina kosa. Alisema ila nijue tangu siku hiyo kwamba chochote nitakachokianza nitakimaliza mwenyewe, kwani hakuna wa kunisaidia hata akitaka. Aliyasema kama mtu anayekuambia mvua inakuja, na mimi nilisikia sifa tu. Nikaenda zangu nimefurahi.

Kweli nilifanikiwa. Kibanda changu pale karibu na soko kilijulikana. Watu walitoka hata Naivasha wakija kuulizia feni za mashoto, wakidhani ni mtindo. Wenzangu wakipata oda kubwa waliigawa, mimi nilifuma peke yangu, na nilijisikia fundi kweli kweli. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kwa kuwa na wa kumsaidia. Sasa namwonea.

Haya, turudi kwenye kona.

Nilipotoka hospitali, kitambaa cha Naliaka kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda na siku ya wageni ilikuwa imeshapangwa. Rafiki yangu Mama Kimani, tuliyepakana naye vibanda kwa miaka mingi, alikuja na feni aliyoifuma yeye. Ilikuwa safi, imekazwa vizuri, mtu hangeitupia neno. Tuliiweka kwenye kona ile wazi na sote tukaona. Mapanga yake yalipinda kulia pale yangu yalipopinda kushoto, kama mtu mmoja anayeimba wimbo mwingine katikati ya kwaya. Akasema tuigeuze nyuma mbele. Ukiigeuza, mapanga yanalala sawa, ni kweli, lakini sasa migongo ya nyuzi ndiyo inayokutazama, ni kama sweta iliyovaliwa ndani nje. Mama Kimani aliitoa taratibu akaitia mfukoni. Alipoondoka nililia mpaka kichwa kikauma.

Nikasema nitajaribu mwenyewe. Mkono wa kulia ushike kroshia, na uzi niufunge kwenye vidole vya mkono uliolala, kazi yenyewe niibane kwa kibanio cha nguo kwenye leso yangu. Mngeniona mngecheka, na ningewaruhusu. Kroshia ilikuwa ikiingia kila mahali isipokuwa kwenye tundu. Baada ya siku nyingi za kutoa jasho nilipata cheni iliyokuwa nene huku na nyembamba kule, cheni ya yule mtoto wa landi, nikagundua jambo moja. Hata ningefaulu, hata mkono wa kulia ungekuwa fundi kama wa kushoto, feni yake ingepinda kulia. Kona ile ilimtaka mashoto au ibaki wazi.

Nikaanza kutafuta mashoto. Nilidhani ni jambo jepesi. Niliuliza sokoni, nikauliza kanisani, nikauliza kwenye kliniki tunakopimwa presha. Akina mama wa rika langu walicheka wakasema hata wao walikuwa mashoto, zamani. Mmoja alipakwa pilipili kwenye vidole kila asubuhi. Mwingine alifungwa mkono kwa kitambaa hadi akasahau. Wote sasa ni wa kulia, na wote hushika kisu vibaya. Nilirudi nyumbani Kaptembwo nikiwaza ni mikono mingapi imezikwa hivyo na wenyewe bado wanatembea.

Nilimpata kwenye ploti yangu mwenyewe, vyumba vya kupanga ninamokaa. Chebet alikuwa amehamia chumba cha mwisho, msichana anayemenyea watu wa chipsi viazi, na nilimwona nje na beseni lake akimenya kwa mkono wa kushoto haraka kuliko macho yangu. Alikuwa amepeleka jina lake kwenye shamba la maua Naivasha, anangoja kuitwa. Nilimwomba anifumie kona. Akaniangalia kama anayeangalia mtu aliyepigwa jua.

“Shosh,” akasema, maana ndivyo vijana wanavyomwita nyanya yao, “mimi sijawahi shika hiyo kitu hata siku moja.”

Nikamwambia nitamfundisha. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeuangalia mkono wake, sikuwa nimeuangalia wangu.

Kumfundisha kulinishinda. Cheni alizipata upesi, singo na dabo akazipata kwa video aliyoigeuza, na nikaona tumefika. Lakini feni si ya kwenye simu, ni yetu, tuliibuni wenyewe kwa kuigana. Mama Kimani angeweza kumkalisha mbele yake, lakini alikuwa amesafiri kulea mjukuu, na kikundini hakubaki mwingine anayeijua. Ilibidi nimwambie kwa mdomo, na mdomo wangu haukuijua. Mkono ndio ulioijua, na sikuwahi kuuliza unafanyaje. Nilimwambia aingize hapa, la, hapa chini yake, la, rudi nyuma, mpaka tukakasirikiana. Alifuma sahani, akafuma kofia ya mdoli, akafuma kitu kilichofanana na sikio. Nilimpigia kelele siku moja akaondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na beseni lake, akakaa mbele yangu.

Siku hiyo alikosea tena akaanza kufumua alichofuma, na katikati ya kuvuta akasimama. Alisema anapovuta ndipo anapoona uzi ulikuwa umepita wapi. Wakati wa kufuma haoni.

Wasichana, hili ndilo funzo la pili, na ni la mwisho ninalolijua. Kroshia ikifumuliwa polepole inajieleza. Kila kitanzi kinatoka kwa njia kiliyoingilia, kinyumenyume, na ukisimama kila hatua ukarudisha kitanzi ulichokitoa, umefundishwa na aliyekifuma hata kama hayupo. Lakini lazima ufumue kazi ya fundi. Kazi ya mwanafunzi inaeleza makosa tu.

Nikamwambia avute sanduku kutoka chini ya kitanda.

Niliwaza feni moja itatosha. Tulianza na ya ukingoni, karibu na kona wazi, kwa kuwa tayari pale palikuwa na kasoro. Kufumua hakuchagui mkono, kwa hivyo nilivuta mwenyewe kwa mkono wa kulia, yeye akishika. Navuta kitanzi, yeye anakirudisha. Navuta viwili, anavirudisha. Ua hufumuliwa kuanzia lilipoishia, kwa hivyo siku za kwanza alijifunza ukingo, na alijifunza vizuri. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nipigwe na ugonjwa. Nilikuwa naona kazi ya mkono wangu ikitembea tena, hata kama ilikuwa inarudi nyuma.

Ila uzi wa pamba hauvumilii. Ukivutwa na kurudishwa mara nyingi unatoa manyoya, unapoteza ule mng’aro, unakuwa na rangi ya maji ya viazi. Feni ya kwanza haikufaa tena kurudi mahali pake. Tukafumua ya pili ili ajue mapanga. Akayajua nusu, ya pili ikaisha. Tukafumua ya jirani yake. Uzi mpya haungesaidia kuziba, kwa sababu ule nilinunua wote kwa pamoja miaka ya nyuma, na weupe wa siku hizi ni mwingine, una ubuluu ndani yake. Nilijua. Kila jioni nilijua, na kila asubuhi Chebet alipokaa mbele yangu nilisema bado moja tu.

Mtauliza kwa nini sikuacha. Naliaka alikuwa amenipigia simu kutoka Gilgil, anakofanya kazi ya duka la dawa. Aliniambia hivi: “Mama, wacha kujisumbua na hiyo kitu. Siku hizi watu wanatandika duvet. Wewe pona tu.” Alisema amekwisha iona moja nzuri mjini. Nilimsikia, nikamwelewa. Nikajiambia basi kitambaa hiki hakina wa kukilalia, na mkono huu una wa kuurithi. Niliona ni hesabu nyepesi. Kama asingepiga ile simu ningekifungia sandukuni kikiwa na ile kona yake moja wazi.

Sehemu ngumu ya feni ni katikati, pale inapoanzia, na ukifumua ndipo unapofika mwisho. Chebet alikuwa akifika pale anakosa. Mapanga yalimtii lakini katikati palifungamana. Feni moja baada ya nyingine tulizivuta hadi pale, na pale zikamkatalia. Upande mzima wa kitambaa ukaisha, kisha ukaanza kuisha mwingine. Chumba kilijaa mipira ya uzi uliochakaa. Siku moja alishika feni iliyofuata akakataa kunipa.

“Shosh, hii tuache. Itabaki nini?”

“Lete,” nikamwambia. “Hujajua katikati.”

Akaleta. Na hiyo ndiyo iliyomfungulia. Alirudisha kitanzi cha mwanzo kabisa, akazunguka, akapanda mapanga, akafunga ukingo, akaniwekea feni mapajani juu ya mkono uliolala. Ilikuwa ya kijivu na legelege kidogo, lakini mapanga yalilala upande wangu. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona feni ya namna ile iliyofumwa na mtu mwingine. Nilimshika uso. Yeye alikuwa akicheka na kulia, akauliza sasa aanzie wapi kuziba.

Tulikitandaza kitambaa kitandani. Hakukuwa na kona ya kuziba. Kulikuwa na kipande, ukubwa wa kitambaa cha kufunikia kitanda cha mtoto, na mipira ya uzi usiofaa. Alipojua kazi, kazi ilikuwa imekwisha. Haikupita wiki wakampigia simu kutoka Naivasha. Aliondoka na kroshia yangu, nilimpa, na mwezi uliofuata alinipigia kusema wanakata waridi kutwa nzima na mkono unavimba, jioni hauwezi hata kushika kikombe vizuri. Nilimuuliza ni mkono gani, ingawa nilijua.

Naliaka alikuja mwishoni mwa juma kabla ya wageni, kutayarisha nyumba. Alipofagia chini ya kitanda aliona sanduku, akalifungua. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikiota jua. Nikamsikia akikaa chini.

Nilimweleza habari yote, kona, Mama Kimani, Chebet na viazi vyake, na jinsi msichana yule alivyoijua katikati. Niliieleza kama habari njema. Yeye alikuwa amekiweka kile kipande mapajani akipitisha kidole kwenye feni, moja hadi nyingine, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo nikifuma vya dada zake, akiniuliza chake kitaanza lini.

“Mama, ningelalia hata na hiyo kona ikiwa wazi.”

“Si ulisema unanunua duvet?”

“Nilisema hivyo ndio usikae ukiangalia mkono ukilia.”

Alinionea huruma akaficha alichokitaka, nami nikamwamini nikakifumua kwa mkono wangu mwenyewe, kitanzi kwa kitanzi, nikiwa na furaha. Hakuna aliyekosea. Nimelitazama jambo hili kila upande nikimtafuta mwenye kosa, ningefarijika nikimpata.

Kwa hivyo nyinyi mlioniomba niandike, mashoto na wa kulia, sina siri nyingine. Kaeni mbele ya mwalimu. Fumueni polepole. Na kama kuna kitu mnakitaka kutoka mikononi mwa mama zenu, waambieni mnakitaka, hata mikono ikiwa imelala, hata ikiwaumiza kusikia.

Siku ya wageni ilifika. Shangazi za bwana arusi waliingizwa chumbani, wanawake wa heshima, wamevaa vizuri. Kitanda kilikuwa kimetandikwa duvet ya dukani, nyeupe, maua yake yamechapwa na mashine, yote yakitazama upande mmoja. Waliizunguka, wakaipapasa, wakasema haina hata kasoro moja. Mkubwa wao alinigeukia akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema inaonekana mama alichagua kwa moyo wote. Nikasema asante.